Sahani Iliyofudikizwa

...na alikula, hilo Musyoki hawezi kulikana, hata hapa mezani kwa dada yake, kichwa ameinamisha na macho ameyafumba kama mtu mwema, alikula siku ambayo nyumba yao ilikuwa imefunga, akala amesimama nyuma ya hema la harusi pale ufukweni Diani, mishikaki ya kuku iliyorudi kutoka meza za wageni haijaguswa, wa kwanza akaumeza hata hakuutafuna sawasawa kwa kumwogopa supavaiza, wa pili akaula polepole kwa sababu ulikuwa mtamu, na ule wa pili ndio unaomsumbua, maana wa kwanza mtu anaweza kusema ni njaa, ni udhaifu wa mwili, lakini wa pili... wa pili aliuchagua. "Baba wa mbinguni, tunakuja mbele zako mchana wa leo," anaomba Pasta Maxwell kwa ile sauti yake ya kipaza sauti ambayo haijatambua kwamba hapa si kanisani, hapa ni sebule ya mabati yenye watu watatu na kuku mmoja, "tunakuja katika nyumba hii ya mama Kanini, Baba, nyumba iliyojifunga yenyewe, tunakuja kuifungua," na kuku anapoa, tetea wa mwisho wa Kanini, yule mwekundu aliyekuwa akitaga chini ya kitanda, amelala kwenye bakuli na mchuzi umeanza kuota ngozi juu, na wali wa nazi unatoa mvuke mdogo mdogo kama mtu anayekata roho kwa adabu. Musyoki anafungua jicho moja kidogo tu, upana wa uzi. Sahani ya pasta iko wazi, na firigisi imeshawekwa pembeni yake, kipande cha heshima. Sahani yake mwenyewe iko wazi. Sahani ya Kanini imefudikizwa, kitako juu, kijiko kimelazwa mgongoni mwake, na anaijua maana yake, maana Kanini alimwambia asubuhi mlangoni kabla hata hajavua viatu, akasema kwa ile sauti ya kusema jambo dogo, "Leo naanza tena, Musyoki. Pasta ameniambia mara hii nifunge mpaka Mungu aseme neno," naye akauliza, "Na asiposema?" na Kanini akacheka kidogo, meno yote nje, mashavu yamemwishia uso umebaki meno, akasema, "Atasema. Kwani mimi naenda wapi?"

Pale pasta atakaposema Amina, Kanini ameingia. Ndiyo makubaliano. Maombi haya si ya chakula tu, ni ya kumwekea muhuri, na baada ya Amina hawezi kutoka, anamjua dada yake, huyu akimwahidi Mungu jambo ni kama ameingia kisimani na kuvuta ngazi... "kwa maana wewe ni Mungu mkarimu, Baba, wewe si mchoyo, ulisema mwenyewe wanaokuomba huwanyimi," ndiyo, mkarimu, Musyoki analijua hubiri hilo mpaka mahali pa kukohoa, Mungu wetu, pasta alihubiri mwezi huo wa mnyororo, Mungu wetu ni kama bufee ya hoteli kubwa, ndugu zangu, meza imejaa mwanzo hata mwisho, wewe kazi yako ni kuja na sahani, na watu wa skimu ya mashamba ambao hawajawahi kuiona bufee wakapiga vigelegele, na yeye Musyoki aliyekuwa akiipanga kila siku akakaa kimya kwenye benchi, kwa sababu alijua kitu ambacho pasta hakijui, kwamba pale mlangoni husimama askari anatazama mikono, mwenye bangili ya plastiki anapita, asiye na bangili hata akija na sahani ya dhahabu anaulizwa wewe unatoka wapi, na alijua pia kinachofanyika jioni kwa chakula kilichobaki, mpishi anakimwagia maji ya sabuni, wali, nyama, mikate, vyote, ili kibarua asijaribiwe, na alitaka kusimama amuulize, pasta, na huko mbinguni bangili zinagawiwa wapi? Hakusimama. Musyoki huwa hasimami, kama alivyomwachia Mama Eddah wa kanisani amseme dada yake, lakini hilo litamjia, ngoja, asikimbie...

Mnyororo. Ndivyo walivyouita, mnyororo wa maombi, mvua za masika zilipochelewa na mahindi ya watu yakawa yamesimama magotini na majani yamejikunja kama sigara, kanisa la skimu lote, wakulima waliotoka Ukambani zamani kuja kulima huku nyuma ya Msambweni na watoto wao walioteremka kutafuta vibarua vya hoteli, kila nyumba ikapewa siku yake ya kufunga, nyumba moja ikimaliza nyingine inapokea, pete kwa pete, na pasta akaonya, pete moja ikikatika mnyororo wote unaanguka chini na maombi ya watu wote yanaanguka nao. Musyoki anaishi Ukunda lakini alihesabiwa nyumba ya dada yake, kwa sababu hana mke, na Kanini alimpigia simu usiku wa kuamkia siku yao akamwambia kwa furaha, "Kesho ni sisi, kaka, maji tu mpaka jua lizame, usiniangushe," naye akasema haya, na alikuwa anakusudia, Mungu ni shahidi alikuwa anakusudia, ila kuna jambo hakumwambia, kwamba yeye mvua hakuitaka. Nani kibarua wa hoteli aliyewahi kuitaka? Mvua ikianza wageni wanaondoka, na wageni wakiondoka mnaambiwa nendeni nyumbani tutawapigia, na simu haiji. Benchi moja kanisani, mkulima huku anaomba mawingu na mwanawe wa kuzaa hapa anaomba jua, wote kwa jina lile lile, wote wanalia, na hakuna anayemtazama mwenzake... Kisha Bi Christabel, supavaiza wa sherehe, alikuwa amemwambia waziwazi, "Musyoki, hii harusi ya Pasaka ikiisha vizuri, nje, mchangani, bila kuhamishwa ndani, nakuombea kazi ya kudumu. Ikiharibika, usiniulize." Basi saa ile akiwa nyuma ya hema, mshikaki wa pili mdomoni, akasikia upepo umebadilika, akainua macho, na lile hapo. Wingu. Jeusi, zito, limening'inia upande wa Msambweni, upande wa mashamba, linakuja limevimba kama mama mjamzito, na viti vyote vimepangwa mchangani na vitambaa vyake vyeupe, na tao la maua, na yeye na mafuta ya kuku kwenye midomo akasema, hakusema kwa sauti lakini alisema, Bwana, si hapa, si leo, lipeleke kwingine. Na likaenda! Hilo ndilo ambalo hajawahi kumwambia mtu. Maombi yote aliyoomba maishani mwake, ya mama yao akiwa kitandani, ya kupata mke, ya goti la Kanini, hakuwahi kuona jibu likitembea kwa miguu yake mwenyewe mbele ya macho yake, na siku hiyo aliliona, lile wingu likageuka kama ng'ombe aliyechapwa, likashika upande wa kisiwa cha Funzi na kwenda kuwamwagia samaki maji. Bwana harusi na bibi harusi wakapigwa picha juani. Musyoki akapata kazi ya kudumu.

"...na Baba, tunajua kuna kizuizi," pasta sasa ameshuka sauti, ameifanya ya siri, "tunajua pete ilikatikia wapi," na Musyoki anamsikia Kanini akivuta pumzi kando yake, fupi, kama mtu aliyeguswa penye kidonda, na anamchukia huyu mtu, Mungu amsamehe, anamchukia na suti yake na leso yake na kidevu chake kinachotikisika akifika kwenye neno Baba, anamchukia zaidi kwa sababu ana haki! Hapo ndipo pabaya. Pasta alipanda madhabahuni Jumapili iliyofuata akasema, wingu lilikuja siku ya nyumba gani? Watu wakanong'ona. Siku ya nyumba ya Kanini. Likaenda zake siku ya nyumba gani? Siku ya nyumba ya Kanini. Basi tusidanganyane. Na kweli ilikatikia nyumba ya Kanini, kweli mtu alikula, pasta amepiga shabaha gizani na amepata, ila amempata mtu asiye, na mwenye kosa alikuwa benchi la tatu na shati jipya la hoteli lenye jina lake kifuani. Na Kanini... Kanini badala ya kusema mimi sikula, ambalo ndilo jibu la mtu yeyote mwenye akili, alianza kujitafuta. Alikaa pale akijitafuta kama mtu anayekagua mfuko kutafuta kitu alichoibiwa, kisha akainuka, akaenda mbele, akashika kile kipaza sauti kwa mikono miwili, na akasema, "Nilionja chumvi." Aliwapikia watoto wa jirani mgonjwa siku ile, akaonja mchuzi kama una chumvi, akatema. Ndiyo hiyo. Lakini labda, alisema, labda kidogo kilishuka. Na kanisa zima likashusha pumzi, aaah, wamempata, na mahindi ya watu wote mia yakawa yamekauka kwa ulimi wa Kanini. Akavuliwa uongozi wa akina mama pale pale, kwa upole mwingi. Na kama hiyo haitoshi, siku hiyo hiyo, dakika chache tu baadaye, pasta akasema ili tusife moyo, tumsikie anayejua kufunga, akamwita nani? "Ndugu Musyoki, njoo uwaambie Mungu amekutendea nini." Akaenda. Akasema Mungu ni mwema. Wakasema kila wakati. Akaishuhudia kazi ya kudumu, na hakutazama upande aliokaa dada yake, na walipotoka nje Mama Eddah, aliyepewa uongozi hata kiti hakijapoa, akamsimamisha Kanini penye mlango mbele ya wanawake, "Haya dada, chumvi ilikuwa tamu?" wakacheka, na Kanini naye akacheka, ndilo jambo linalomla Musyoki, naye akacheka pamoja nao, akasema, "Ilikuwa imezidi kidogo." Na yeye alikuwa hatua tatu kando yao anatafuta kitu ndani ya simu ambayo haikuwa na chaji.

Tangu siku hiyo Kanini anafunga toba. Anafunga, anakula kidogo, anafunga tena, na nguo zinamning'inia, na asubuhi hii alipoinua sufuria ya maji ilimwelemea, Mwanapili jirani akaikimbilia. Mwanapili ndiye aliyeleta nazi ya huu wali, amekuwa jirani yake tangu Kanini aje skimu, Mdigo wa hapa hapa, na alipokuwa akikuna nazi alisema bila kuinua kichwa, "Musyoki, mwambie dada yako. Mimi nimemwambia amenikataa. Kwetu mpishi akionja chumvi akatema, saumu yake iko pale pale, nzima, hata Ramadhani. Sasa nyinyi Mungu wenu anakamata mpaka ulimi?" Kanini akasema, "Mwanapili, wacha mzaha." "Si mzaha. Sisi pia tulitoka uwanjani tukasali tuombe mvua, wanaume, wanawake, mpaka watoto wa madrasa na mbuzi wao. Mvua ilikuja? Haikuja. Umesikia mtu akiniuliza Mwanapili ulionja nini?" Na sasa yuko huko nje jikoni, kwenye mkeka, anasubiri maombi yaishe ili alete maji ya kunawa, na kupitia mwanya wa mabati Musyoki anamsikia akijisemea chini chini, "Eee jamani, huyu mpaka wali uote mizizi," na kicheko kinampanda Musyoki kooni akakibana, kikageuka kitu kingine, kikamchoma macho... watoto wa madrasa na mbuzi wao. Hawakuwa na mnyororo wao. Hawakuwa na pete ya kukatika. Na Absalom, mume wa Kanini, yule aliye huko barabarani na malori, alipopiga simu kutoka mji wa Mackinnon Road alisema huko nako ardhi imekuwa nyeupe, ng'ombe wanalala njiani hawainuki hata ukipiga honi. Mackinnon Road. Ni nani kule aliyekula mshikaki? Nani alionja? Basi wingu lile... na hapa Musyoki anahisi kitu kinalegea ndani yake ambacho kilikuwa kimekazwa tangu Pasaka, na hakipendi kinavyolegea, maana aibu yake ilikuwa kubwa lakini ilikuwa na fahari yake ndani, ndiyo, aseme kweli leo, kuna usiku alikuwa akilala kule Ukunda akiogopa na huku akifurahi, mimi ndiye niliyesimamisha mvua, mimi Musyoki, kibarua, mbingu zilinisikia, heri kuwa mwovu anayesikilizwa kuliko mwema asiyejulikana yuko wapi. Na kumbe ulikuwa upepo tu. Ulikuwa upepo wa Pasaka unaovuma kila mwaka. Yeye na pasta ni kitu kimoja, wote wawili wanaamini mbinguni kuna bomba na mkono wao uko kwenye koki, mmoja anafungua mmoja anafunga, na katikati yao amekaa mwanamke mwenye goti bovu anakondeana.

"...wewe unampa kila akuombaye ipasavyo, Baba, ipasavyo," anasema pasta, na neno hilo linamwingia Musyoki kama mwiba wa samaki, ipasavyo, ndiyo ile bangili, ndiye yule askari wa mlangoni, na kwa hasira ile ile, bila kuitafuta, inamjia Kitui, nyumba ya udongo ya mama yao, mwaka ule mwingine wa njaa, sufuria moja ya muthokoi, mahindi ya kukobolewa, na watoto wengi, na Kanini akiwa msichana bado hajavunja ungo anasukuma bakuli lake kuja kwake, "Kula wewe, mimi tumbo linaniuma," na kesho yake, "Tumbo linaniuma," na siku ya tatu Musyoki mdogo akamwambia mama kwamba Kanini ni mgonjwa, apelekwe kwa daktari, na mama akamtazama Kanini, Kanini akatazama nje. Kanini hakumuuliza kama ameomba. Hakumuuliza ameomba ipasavyo. Hata Musyoki hakuwa ameomba, alikuwa analamba ukingo wa bakuli lake tu! Na leo, huyu huyu, amechinja tetea wake wa mwisho kumpa mtu aliyemvua uongozi, akachagua firigisi akaiweka kwake, kwa mkono wake, akatabasamu. Basi Musyoki anamuuliza Mungu, na hamuulizi kwa heshima, anamuuliza kama mtu aliyeshika mwingine kola, Wewe ni mdogo kuliko Kanini? Sema. Kama Kanini anajua kutoa hivi, mtu wa udongo, mwenye goti, basi Wewe utakuwaje wa mnyororo, wa bangili, wa kunyima nchi nzima maji kwa sababu ya ulimi, utakuwaje wa kumwagia watoto wako chakula sabuni... haiwezekani. Ama huyu anayeomba hapa hakujui, ama hupo, na Musyoki hawezi kusema hupo, alishajaribu kulisema kule Ukunda likamkwama, kwa hiyo limebaki moja. Hakujui. Na mimi pia sikukujua, nilikuomba kama wanavyomwomba askari wa getini, nipitishe mimi, mzuie yule. Kuna nzi tu ametua ukingoni mwa bakuli. Mvuke wa wali umekwisha. Lakini moyo wake ambao tangu Pasaka ulikuwa umefungwa kama ngumi umefunguka kidole kimoja, si kwa amani, hapana, amani hana, ana hasira mpaka masikio yanamvuma, ila hasira imehama mahali, imetoka mbinguni imeshuka hapa mezani, imekaa kwenye kiti chake mwenyewe, na anajua kwamba mshikaki haukuzuia mvua lakini unamuua dada yake, mshikaki na kimya chake yeye, na kwamba kazi ile ya hoteli na shati lenye jina na ule ushuhuda vitamwagika leo katika sebule hii, na pasta ataondoka na habari, na Jumapili Mama Eddah atamsubiri yeye mlangoni. Amsubiri.

"...sasa Baba, mpokee mtumishi wako Kanini anapoingia katika mfungo huu mtakatifu, mfunge wewe, na mtu asimfungue," na sauti inaanza kupanda, anaijua hii, ndiyo ngazi ya mwisho kabla ya Amina, pasta atasema kwa jina kuu, atasema lipitalo majina yote, kisha itakuwa imekwisha, Kanini ameshainua viganja juu, vyembamba, vina alama ya kisu cha leo cha kuchinjia, midomo inatembea, machozi yamefika kidevuni na hayafuti, na Musyoki anafungua macho yote mawili, mtu pekee mwenye macho wazi humu ndani, anaitazama ile sahani, kitako chake kina ufa mwembamba na maua mekundu yaliyofifia, ni moja ya zile za mama yao, anasikia mkono wake umeshatoka mapajani, unatembea juu ya kitambaa cha meza, unapita bakuli la kuku, unapita firigisi ya pasta, umefika, umemshika dada yake kifundo cha mkono, mfupa mtupu, na pasta bado anaomba, hajasikia kitu, "kwa jina kuu, Baba," na Kanini hafungui macho, anadhani ni mkono wa kumtia nguvu, anaubana, na Musyoki anainama mpaka mdomo wake ukaribie sikio lake, na anasema, si kwa sauti kubwa, lakini anasema.

"Ni mimi niliyekula siku ile. Geuza sahani yako, dada. Nakuomba, kula."